Nilidhani ni mawese: nilivyobadilisha hozi ya pawa stelingi

Nauza mawese. Nayachukua kwa akina mama wanaokamua vijijini, nayaleta Mwanga hapa Kigoma mjini, mengine yanapanda basi kwenda Kasulu. Kwa hiyo asubuhi ile nilipokuta doa jekundu chini ya gari, wazo la kwanza lilikuwa hasara ya dumu. Nikafungua buti, nikakagua madumu moja moja. Yote mazima, vifuniko vimekaza. Ndipo nikazinduka kwamba madumu yako nyuma na doa liko mbele.

Nikachovya kidole. Mwezi wa sita alfajiri huku kuna kaubaridi, na mawese yaliyolala nje huwa yameshika, mazito kama uji. Hii ilikuwa nyepesi, inateleza, ina harufu ya kuungua. Ilikuwa oili ya pawa stelingi, ule mfumo unaoufanya usukani uwe mwepesi. Gari langu ni Corolla ya 1999, na Toyota nyingi za umri huo pawa stelingi yake inatumia ATF, ileile ya gia boksi ya otomatiki, ambayo ni nyekundu. Hata mfuniko wa kikopo chake umeandikwa Dexron, jina la aina ya ATF. Wiki nzima usukani ulikuwa unaguna nikikata kona za kupanda Mwanga, mimi nikasema ni uzee tu.

Fundi wa kwanza alichungulia kwa tochi ya simu, hata dakika mbili hazikufika. "Mama, reki imekufa. Andaa laki tatu na nusu." Reki ni kile chuma cha chini kinachopokea usukani na kugeuza matairi. Ushahidi wake ni kwamba imelowa na matone yanaangukia hapo. Nikamwambia asante mwanangu, nitakutafuta, nikaenda dukani kununua poda ya mtoto.

Poda hiyo ndiyo iliyoniokolea pesa. Oili haikai inapovujia. Inafuata bomba, inashuka, inasambazwa na upepo wa feni, halafu inadondoka popote penye ncha. Anayetazama tone anatazama mwisho wa safari. Nilifuta kila kitu kwa matambara na petroli kidogo, injini ikiwa ya baridi kabisa, nikaacha mpaka pakauke na harufu iishe. Nikajaza oili kwenye kikopo, nikapulizia poda kwenye hozi zote mbili, kwenye pampu na juu ya reki mpaka kukawa kama andazi lililonyunyiziwa unga. Kijana wangu wa kidato cha tatu akakaa kwenye usukani, akawasha, akawa anageuza kushoto na kulia. Mimi nikasimama pembeni na tochi, mikono mbali na mkanda.

Gari likiwa sailensa, yaani linanguruma tu bila usukani kugeuzwa, poda ilibaki nyeupe. Alipogeuza usukani hadi mwisho, pale hozi ya presha, ile inayotoka kwenye pampu, ilipobanwa na chuma, pakatokea alama ya waridi isiyozidi punje ya mchele. Akarudisha, ikatulia. Akageuza tena, ikatambaa kama mstari kuelekea chini, moja kwa moja hadi kwenye reki. Reki yenyewe ilikuwa safi, ilikuwa inamwagiwa tu.

Baada ya ushujaa huo nikafanya ujinga. Fundi wa pili alikubali kwamba ni hozi, akasema kununua mpya ni kutupa pesa. Akakata palipooza, akachomeka kipande cha mpira wa maji, akabana kwa klipu mbili. Elfu ishirini. Mimi mwenyewe nilikubali, rahisi inavutia.

Siku ya pili nilikuwa nateremka kutoka Kalinzi na mikungu ya ndizi. Kwenye kona moja nikasikia pu! Usukani ukawa mgumu kama wa lori la zamani, na moshi ukaanza kutoka kwenye boneti kwa sababu oili imemwagikia eksozi. Haukujifunga, pawa ikifa gari bado linageuka, ila kwa misuli. Nikaegesha, nikazima, nikashuka haraka na kukaa mbali, maana oili hiyo juu ya eksozi ya moto inaweza kuwaka. Moshi ulipoisha, nilirudi mjini nikiwa nimefungwa kamba nyuma ya pikapu ya jirani wa sokoni, mikono inauma hadi mabegani.

Pawa ina njia mbili. Hozi ya kurudi, inayotoka kwenye reki kwenda kwenye kikopo, haina nguvu kubwa, na hiyo klipu zinaitosha. Ya kutoka kwenye pampu kwenda kwenye reki ni kitu kingine. Usukani ukifika mwisho, presha humo inaweza kupita bar 70, wakati tairi langu najaza bar mbili na kitu. Ndiyo maana ncha zake hubanwa kwa mashine. Klipu ya bisibisi pale ni sawa na kufunga ng'ombe kwa uzi wa kushonea.

Nikaamua kufanya mwenyewe. Nilipandisha mbele kwa jeki, nikaweka magogo mawili ya mninga chini ya chasisi, na tairi la nyuma nikalizuia kwa jiwe. Jeki peke yake siingii chini yake hata kwa dua. Oili iliyobaki kwenye kikopo niliivuta kwa bomba la sindano, alteneta nikaifunika kwa kipande cha turubai.

Bolti ya upande wa pampu ilifunguka bila maneno. Nati ya upande wa reki, iliyojificha nyuma ya injini, ndiyo iliyonila mchana mzima. Ukiiwekea spana ya kawaida inakula kona, na ikishakuwa duara umekwisha. Niliisugua kwa brashi ya waya, nikapulizia dawa ya kutu, nikaenda kuswali, nikala, nikapulizia tena. Kisha nikaazima ile spana ya mabomba ya breki, inayoshika nati karibu pande zote, namba 17. Ilitoa mlio mkali, nikadhani nimeivunja. Kumbe imelegea.

Hozi yenyewe nilikosa katika maduka yote niliyouliza hapa. Nikamtumia picha mtoto wa dada yangu aliyeko Dar. Akanipigia akiwa Gerezani, kule kwenye maduka ya spea: "Mama mdogo, wanasema ni hii hii." Ilipofika, kona ya bomba la chuma inaelekea upande mwingine kabisa. Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikaifunga ile mbovu, vipande vyote, nikaipakia kwenye basi. Picha haina vipimo. Hozi iliyorudi ni ya mtumba, imetoka kwenye gari lililokatwa, elfu arobaini na tano, lakini ukiziweka pamoja sakafuni ni pacha. Niliikunja na kuikagua mpira wote kama ninavyokagua mawese ya mtu nisiyemjua. Haikuwa na nyufa wala uvimbe.

Wakati wa kufunga nilitaka kuharibu tena. Kwenye pampu, kichwa cha hozi hukaa katikati ya washa mbili laini, vile vipete bapa vya kuzuia kuvuja, moja juu na moja chini, na kila ukifungua unaweka mpya. Nilikuwa na mbili mpya mkononi. Bahati nikapitisha ukucha kwenye uso wa pampu, nikahisi kangazi kadogo. Washa ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania pale, imekuwa nyeusi kama sehemu ya pampu yenyewe. Ningefunga zikawa tatu, na pangevuja siku hiyohiyo. Niliibandua taratibu kwa ncha ya bisibisi bila kuchubua chuma. Nati ya reki niliianza kwa vidole mpaka ikaingia mizunguko kadhaa, ndipo spana ikafuata.

Kutoa hewa kunataka subira kuliko nguvu. Matairi ya mbele yakiwa bado hewani na injini imezimwa, kijana aligeuza usukani mwisho hadi mwisho, polepole, kama mara ishirini, mimi naongeza ATF kila inaposhuka. Mapovu yalipokoma, tukashusha gari, tukawasha. Pampu ikalia, oili ikawa na povu la waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi. Nikazima, nikaacha nusu saa. Mara ya pili ililia kidogo, ya tatu kimya. Nilimkataza kuushikilia usukani ukiwa umefika mwisho, maana hapo pampu inasukuma pasipo njia na oili inachemka.

ATF iliyobaki ilikuwa nusu chupa. Nyumba yangu imejaa chupa za kitu chekundu, kwa hiyo sikuiacha hata saa moja. Niliimimina kwenye dumu jeusi la oili, nikampa yule fundi wa kwanza. Aliuliza nani kanibadilishia reki.

Usiku ule nilitandaza boksi chini ya injini. Asubuhi kulikuwa na matone mawili, mabaki ya juu ya reki ambayo sikuyafuta vizuri. Nikafuta, nikageuza boksi upande wa pili. Siku tatu baadaye lilikuwa bado kavu, nikalipangia chupa za mawese za Kasulu.