Daluga za Kocha

Bibi alikuja ofisini Jumatatu, siku ambayo hatuna mazoezi, na hilo peke yake lilinitosha kujua kwamba hakuja kusalimia. Alikuwa anauza vitumbua Mbagala, karibu na stendi ya Rangi Tatu, na saa ile alipoingia si saa ya muuza vitumbua kuacha ndoo yake. Mkononi alikuwa na mfuko wa rambo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza."

Nikakaa, kwenye ofisi yangu mwenyewe. Akatoa daluga mpya za bluu, bado zina karatasi ndani, akaziweka juu ya madaftari yangu.

"Hizi mmempa mjukuu wangu nyinyi?"

Sikuwa na habari nazo. Asasi yetu ilikuwa ya mtaani: mpira kwa watoto siku za Jumamosi, kisha kusoma vitabu kwenye chumba cha kupanga. Mipira yenyewe ilikuwa ya kushonwa na kushonwa tena. Hatukuwa watu wa kugawa daluga.

"Kampa kocha," akasema. "Mtu akimsaidia yatima wangu namshukuru. Ila kaambiwa asiniambie. Nimezikuta chini ya godoro. Sasa wewe uliyesoma hebu niambie, zawadi ya heri inafichwa bibi ya mtoto asiione?"

Ilikuwa Mei 2017. Timu ilikuwa inajiandaa kwenda Morogoro kwenye mashindano ya vijana wakati wa likizo ya Juni, na mtaa mzima ulikuwa unaizungumzia safari hiyo.

Kocha alikuwa mtu wa watu, na nasema hivyo bila kejeli. Hatukumlipa hata nauli. Aliwatoa watoto vijiweni, akawafuatilia mpaka shuleni. Kukiwa na msiba atafika mapema na kuondoka wa mwisho. Jezi tulizokuwa nazo aliziomba yeye kwa mfanyabiashara wa Kariakoo. Ukitembea naye mtaani hamfiki mnakokwenda, kila kibaraza kinamwita.

Kanuni za kuwalinda watoto tulikuwa nazo. Zilianza kama zinavyoanza kwenye asasi nyingi za aina yetu: mfadhili alizidai kwenye masharti ya ruzuku, tukanakili za wenzetu, makaratasi mengi ya Kiingereza, yakaingia kabatini na kufuli juu. Baadaye nilihudhuria semina ya ulinzi wa mtoto pale Temeke. Huko walitusomea matokeo ya utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nilipomaliza kuandika takwimu ile ya wavulana nilihesabu timu yetu kichwani. Hesabu ilinikaa vibaya.

Niliporudi nilizitoa zile karatasi kabatini, nikaziandika upya kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, nikazibandika ukutani. Zawadi kwa mtoto inapitia ofisini. Mtu mzima hakai na mtoto peke yao mahali ambapo wengine hawawaoni. Meseji za mazoezi zinakwenda kwenye simu ya mzazi au mlezi. Safari ya kulala nje iwe na watu wazima wasiopungua wawili, na sahihi ya mzazi. Chini kabisa namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo mtoto au mtu mzima anaipiga bila kulipia. Wenzangu walisoma wakacheka. "Dada Katibu, kwa hiyo hata pipi tuje na barua?"

Bibi alikuwa na mengine. Mjukuu wake, wa miaka 12, alikuwa anarudishwa kwa pikipiki na kocha wakati nyumbani ni umbali wa kutembea. Alikuwa na laini ya simu ambayo bibi hakumnunulia. Na kocha alikuwa ameomba usiku wa kuamkia safari mtoto alale kwake Manzese, ili wawahi basi la alfajiri Ubungo.

Ombi hilo ukilitazama lina mantiki. Anayeijua foleni ya kutoka Mbagala mpaka Ubungo hawezi kubisha. Pikipiki nayo ina maelezo yake, giza linaingia mapema. Daluga, mtoto ana kipaji na hana baba. Kila kipande peke yake kilikuwa na utetezi mzuri, na mimi mwenyewe ningeweza kumtetea kocha kwa kila kimoja. Kilichoning'ang'ania ni lile neno "asiniambie".

Bibi alitaka nimwite mjukuu wake pale pale nimbane. Nilikataa. Mtoto akihojiwa na shangazi, kisha na katibu, kisha na mwenyekiti, akifika kwa wanaojua kuhoji maneno yake yamekwishachanganyika na yetu, au amenyamaza kabisa. Nilichukua karatasi nikaandika maneno ya bibi kama alivyoyatamka, bila kuyanyoosha, nikaweka tarehe na saa, akatia dole gumba. Aliponiomba yabaki kati yetu wawili nilimwambia hilo siwezi kumwahidi, ila mtaani hayatatoka kwangu.

"Na daluga alizileta nani nyumbani?" niliuliza.

"Refa."

Refa alikuwa kijana wa miaka 26, amezaliwa na ulemavu wa akili. Jina hilo walimpa watoto kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni hata siku zisizo na mechi. Kazi yake kwetu ilikuwa kuokota mipira na kumwaga maji kwenye ndoo, naye aliifanya kwa heshima kuliko sisi wengine tulivyofanya za kwetu. Ukimtuma anakwenda, ukimwambia usiseme, hasemi. Ndiyo maana alitumwa yeye.

Kamati ilikaa jioni ile ile. Mweka hazina alianza kabla sijamaliza kusoma ile karatasi. "Tukimgusa kocha timu imekufa. Jezi zitakwenda, Morogoro itakwenda, na wafadhili watauliza." Mzee mjumbe, mtu ninayemheshimu mpaka leo, alitaka tuyamalize wenyewe: kocha aitwe, akanywe, amwombe bibi radhi, daluga zirudi, basi. Amesuluhisha ugomvi mwingi wa nyumba na nyumba kwa njia hiyo, na kwa ugomvi wa ukuta au wa kuku njia ile inafaa sana. Lakini hapa hakukuwa na waliogombana. Alikuwapo mtoto mmoja aliyefundishwa kumficha bibi yake.

Nilitoa nakala ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa husika. Nikasema sheria haitutaki tuwe na uhakika wala tupeleleze. Tunachotakiwa ni kufikisha. Walinisikiliza kama wanavyosikilizwa watu wa semina.

Aliyewatikisa ni mjumbe wetu kijana, mtu wa ligi ya Uingereza asubuhi mpaka usiku. Akauliza kama tunamkumbuka Andy Woodward, aliyechezea klabu ya Crewe ya huko Uingereza. Hakuna aliyemkumbuka. Akaeleza kwamba Novemba mwaka uliopita Woodward alijitokeza kwenye gazeti akasema kocha wake, Barry Bennell, alimfanyia ukatili akiwa mtoto, na baada yake wachezaji wengine wakaanza kusema ya kwao. "Na Bennell naye alikuwa anasifiwa kwa kuibua vipaji," akasema. Kifungu cha Bunge letu hakikumwondoa mtu kwenye kiti, Crewe ikawainamisha wote. Sikulalamika, ila nilicheka peke yangu baadaye.

Likaja suala la Refa. Mmoja akasema huyo si mtoto, kanuni za ukutani zinasema watoto, kwa hiyo hahusiki. Na akiulizwa, neno lake litachukuliwaje? Mama yake alikuwapo. Anauza mkaa jirani na ofisi, na mwenyekiti alikuwa amemwita kwa sababu mwanawe ametajwa. Alikuwa hajasema kitu tangu aingie.

"Mwanangu mkitaka kumwacha nje mnasema ni mtu mzima," akasema. "Mkitaka kumnyima neno mnasema ni mtoto. Mimi nauliza tu, kwenu yeye ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Kwa kweli zile kurasa zangu mbili hazikuwa na jibu. Watu wazima wenye ulemavu wana sheria yao, ya 2010, lakini sisi tuliokuwa na mmoja wao uwanjani kila wiki hatukuwa tumeandika chochote: nani anaruhusiwa kumtuma, wapi, na akiambiwa afiche jambo amwendee nani. Kocha hakuhitaji kuvunja kanuni yoyote ili kumtumia. Tangu siku hiyo sijaweza kusoma mwongozo wowote wa ulinzi wa watoto bila kumtafuta Refa ndani yake.

Mzee mjumbe alitaka tupige kura. Mwenyekiti, mama asiyependa maneno mengi, akakataa. Akasema kura ni ya kuchagua rangi ya jezi. Kocha atakaa pembeni kuanzia usiku huo, ataambiwa kuna malalamiko yanayofanyiwa kazi na hatatajiwa mtoto. Safari ya Morogoro imesimama. Mimi nitaongozana na bibi kwenda ustawi wa jamii.

Usiku kocha alinipigia. "Dada, nimekukosea nini?" Nilimwambia siwezi kulizungumza. Akasema angekuwa na nia mbaya asingewasaidia hawa watoto mchana kweupe. Nikarudia kwamba siwezi kulizungumza. Aliendelea kwa muda mrefu, sauti yake ya upole ile ile, na nakiri nilimwonea huruma. Huenda alikuwa mtu mwema asiyejua mipaka. Huenda hakuwa. Mpaka leo sijui, na kanuni ilikuwa nzuri kwa sababu haikunitaka nijue. Daluga zisizopitia ofisini ni daluga zisizopitia ofisini, awe amezitoa malaika.

Afisa ustawi wa jamii alikuwa dada mdogo kuliko nilivyotarajia, na foleni nje ya chumba chake ilikuwa ya wanawake wenye watoto mgongoni, wengi wao kesi za matunzo. Alisoma karatasi yangu, akauliza swali moja: "Mtoto mmeshamhoji?"

"Hapana."

"Afadhali."

Alizungumza na mtoto peke yake, bibi akiwa kwenye benchi la nje anahesabu tasbihi. Siku nyingine alizungumza na Refa, mama yake akiwa pembeni, taratibu, akimwachia muda. Jambo likapelekwa dawati la jinsia na watoto la polisi. Mtoto alisema nini sikuelezwa, na sikuuliza. Watu mtaani hawakuamini. Walidhani katibu anajua kila kitu na anaficha.

Kocha alipoitwa hakupatikana. Simu ilizimwa, chumba cha Manzese kikawa na mpangaji mwingine. Kwa wengi hilo lilikuwa jibu tosha, kwangu si jibu. Mtu anaweza kukimbia kwa hatia, na anaweza kukimbia kwa aibu ya kushukiwa.

Gharama tuliilipa. Watoto wengi waliacha kuja, wazazi wengine waliniita sokoni nisikie: "Ndiye huyo aliyeua timu." Mfanyabiashara wa Kariakoo hakutuma tena jezi. Mweka hazina hakunisalimia mpaka karibu na Iddi. Bibi ndiye hakuyumba. Alimrudisha mjukuu wake mazoezini kabla hatujapata kocha mwingine, wakawa wanacheza chandimu tu, na Refa anapuliza filimbi anavyotaka.

Miezi kadhaa baadaye ilinipigia namba ngeni. Mwanamume wa kituo cha michezo upande wa pili wa jiji. Alikuwa na kocha mpya, mzuri sana, watoto wanampenda, ametaja kwamba aliwahi kuwa kwetu. Alitaka tu kuhakikisha. Sisi wenyewe, tulipompokea, hatukumpigia mtu yeyote.

Nilimwomba anipe dakika chache nikampigia afisa ustawi. Akanielekeza niseme yaliyo kwenye maandishi, nisiongeze na nisipunguze, naye akachukua jina la kituo. Nikampigia yule bwana. Nikamwambia: aliondoka kwetu wakati malalamiko ya kukiuka kanuni zetu za kulinda watoto yakiwa yamefikishwa kwa mamlaka, hayakuwa yamehitimishwa, na sisi tusingempokea tena. Akanyamaza. Akauliza alifanya nini hasa. Nikasema hayo ndiyo ninayoweza kusema, mengine amwone ofisa wa ustawi wa kata yake. Nilitegemea akasirike.

"Hiyo kanuni yenu ya zawadi," akasema, "mmeiandikaje?"

Nikamsomea. Nikamsomea na ya safari, na ya meseji. Akawa ananisimamisha anaandika.

"Ya tano ni mpya," nikamwambia. "Inahusu watu wazima wenye ulemavu wanaojitolea kwetu. Hawatumwi na mtu mmoja, na hawapewi siri ya kutunza."

"Hiyo irudie," akasema. "Hapa ninaye mmoja, anatuchotea maji. Kocha amekuwa akimtuma tuma."