Nilivyomaliza Maison Ikkoku juzuu zote 10

Naona watu wengi wanasoma manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za kupigana, zile za mapenzi na vichekesho wanaishia njiani, na nawaelewa kabisa kwa sababu hata mimi niliacha mara mbili. Ngumi inaeleweka kwa lugha yoyote. Lakini utani wa mtu na mpangaji mwenzie ukishatoka Kijapani ukaingia Kiingereza, alafu na we unausoma kwa Kiingereza cha kuungaunga, mpaka ukufikie umeshapoa. Sasa mi nimemaliza Maison Ikkoku mwanzo mwisho na naipenda kuliko manga yoyote niliyowahi kushika, nataka nieleze nilifanyaje.

Kwanza vitabu. Binamu yangu anafanya kazi Dubai, pale Dubai Mall kuna duka kubwa la vitabu linaitwa Kinokuniya, akawa ananinunulia juzuu mojamoja anampa mtu yeyote anayekuja Tanga. Kijapani ziko juzuu 15, chapta 161, Rumiko Takahashi kazichora kuanzia 1980 mpaka 1987, hii ya Kiingereza wameziunga zikawa 10 nene. Mi zimenichukua karibu miaka mitatu kuzipata zote. Wakati mwingine unakaa miezi mitano hujui kijana wa kwenye hadithi kampata anayempenda au kamkosa, na sasaivi naona ilikua sawa tu, maana wenzetu kule Japani walisubiri miaka saba na wahusika wanakua pamoja na msomaji, mwaka ukipita kwako na kwao umepita.

Kosa la kwanza nililianza ukurasa wa kwanza. Nilifungua kushoto kama kitabu cha shule nikakuta nimeanzia mwisho, sawa, nikageuza, nikaanza kulia. Ila ndani ya ukurasa bado nikawa nasoma viboksi kutoka kushoto kwenda kulia kwa mazoea, kwa hiyo mtu anajibu kabla hajaulizwa, mtu anacheka alafu ndo kichekesho kinakuja, nikaona hii manga haina maana nikaiweka. Mara ya pili pia nikaiweka. Mara ya tatu mama mdogo ndo alikiona mezani akakishika akakifungua moja kwa moja upande wa kulia, akasema mbona hiki kinafunguliwa kama juzuu ya chuoni. Jamani. Mi nimekaa madrasa miaka sita! Toka siku ile nikikishika kile kitabu najiambia nasoma juzuu, macho yanaanzia juu kulia yanashuka kushoto, maneno tu ndani ya vile viduara ndo yanakwenda Kizungu. Siku mbili tatu likawa limezoeleka.

Alafu mama mdogo akataka kujua kinahusu nini. Yeye Kiingereza hajui. Tunakaa Ngamiani, nyumba ya Kiswahili ya koridoo, vyumba sita na uwani, jioni huwa anakanda unga wa maandazi ya asubuhi, basi nikawa nakaa na ndoo ya maji pembeni namsimulia kile nilichosoma mchana. Nikamwambia mama hii ni nyumba ya kupanga kama hii yetu, ipo Tokyo, ya mbao, imechakaa, kuna kijana anaitwa Godai anarisiti mtihani wa kuingia chuo kikuu, wapangaji wenzie wanakuja kulewa chumbani kwake usiku wa mtihani, na yule wa chumba cha jirani katoboa ukuta anapitia humohumo kwenye tundu. Mama mdogo akaacha kukanda. Akasema huyo wa ukutani tunaye hapa, anakuja kila siku kuomba chumvi.

Majina ndo yalimshinda. Na mimi yalikua yananishinda nilikua nawachanganya tu, mpaka niliposoma kwamba majina yao ni hesabu. Ichinose yupo chumba namba 1 na ichi ni moja, Nikaido wa 2 anakuja baadae, Mitaka ni tatu, Yotsuya chumba cha 4, Godai cha 5, Roppongi cha 6, na yule dada anayesimamia nyumba, Kyoko Otonashi, ndani ya jina lake kuna nashi, yaani hakuna, sifuri. Hiki kitu kwenye Kiingereza huwezi kukiona, ukisoma Godai ni Godai tu. Sasa sisi watu wa pwani majina haya si tunayo? Nikamwambia mama mdogo, wa chumba cha kwanza ni Bi Mosi, yule mama mmbea mnene anayecheza na mafeni. Wa pili ni Pili. Tajiri anayefundisha tenisi na anaogopa mbwa ni Tatu, mtoboa ukuta ni Nne, mrisiti wetu ni Tano, dada wa baa ni Sita. Basi kuanzia hapo hatukupotea tena, na mimi mwenyewe nikawa nasoma kwa majina hayohayo kichwani.

Kitu kingine ni wanavyoitana, na hapa ndo naona wengi wanapoteza utamu. Godai anampenda Kyoko toka siku ya kwanza Kyoko anafika pale nyumbani, lakini miaka nenda rudi anamwita kanrinin-san, yaani kwa cheo chake cha usimamizi wa nyumba, kwa heshima. Kiingereza kinalibeba jina lakini uzito unabaki njiani. Nikatafuta Kiswahili chake nikaona ni "dada". Kyoko kamzidi miaka miwili, ni mjane, ndo anayemfungulia mlango akirudi usiku, ungekua Ngamiani ungemwitaje? Ungemwita dada. Na kila mtu anajua ilivyo ngumu kumtongoza mtu uliyemzoea kwa dada. Nikishaweka dada kwenye kila kiduara cha Godai, kigugumizi chake chote kinaeleweka, na siku anapothubutu kumwita Kyoko kwa jina lake unasikia kabisa kuna kitu kimevunjika.

Kwenye mbwa tulikwama wiki nzima. Kyoko ana mbwa mkubwa mweupe anaitwa Soichiro, na Soichiro ni jina la marehemu mumewe. Mama mdogo alinishika mkono una unga. Mbwa? Jina la marehemu? Nikamweleza mbwa alikuwepo mume akiwa hai, mume alimpa jina lake lingine tu mbwa hakuliitika, akawa anaitika mke akimwita mumewe. Akanyamaza, akaendelea kukanda, baadae sana akasema aah, basi hapo kila akimwita mbwa anaita na yule mwingine. Mi nilikua nimesoma chapta hizo nikacheka tu, sikua nimeliona hilo.

Mama mdogo alifiwa akiwa na miaka 26. Sikua nimelifikiria wakati naanza kumsimulia.

(Kama hujafika juzuu ya mwisho ruka hapa.) Kuna sehemu Godai anaenda peke yake kwenye kaburi la Soichiro, anaongea naye, anamwambia kwamba we tayari ni sehemu ya huyu mwanamke, kwa hiyo namchukua pamoja na wewe. Na Kyoko yuko karibu anasikia. Nilimsimulia mama mdogo hiyo usiku tumekaa uwani umeme umekatika, nikaogopa nimeharibu. Akaniuliza huyo marehemu sura yake ikoje, nioneshe. Nikamwambia mama, huyu mchoraji juzuu zote hizi hajaichora sura yake, kila akitokea usoni kuna kivuli. Akataka aone hivyohivyo. Nikawasha tochi ya simu nikamtafutia ukurasa, akauangalia sana.

Akasema, "Kweli mwanangu. Hata mimi baba Zuhura siku hizi sura yake haiji, mpaka nitoe picha."

Sasaivi tumerudi juzuu ya kwanza. Anaipitia mwenyewe anaangalia picha, anaanzia kulia, akifika pale Kyoko anafagia mbele ya nyumba na ile eproni yake ya kifaranga ananiita niende nimsomee anasema nini.