Bei ya Data na Mtoto wa Kaya Maskini

Mwaka 2018, tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba, kufikia mwaka 2025, huduma ya msingi ya intaneti katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati igharimu chini ya asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Lilikuwa lengo zuri, ila wastani huficha mengi. Mtu ambaye kipato chake ni robo ya wastani huo anaweza kutoa karibu asilimia 8 ya alichonacho kwa kifurushi kile kile kinachohesabiwa kuwa nafuu, na hapo hatujaitaja bei ya simu yenyewe.

Anayeishi kwa kipato cha kutwa hanunui data ya mwezi. Hununua ya siku, pengine ya saa, na kwa kawaida vifurushi vidogo huwa ghali zaidi kwa kila megabaiti kuliko vikubwa, kisha kinachobaki hufutwa muda unapokwisha. Kwa maoni yangu, kuisha huku kwa muda huiumiza elimu kuliko hata bei, kwa sababu mtoto anapaswa kuirudia mada ile ile kesho na keshokutwa, ilhali kifurushi cha siku humlazimisha mzazi aamue upya kila asubuhi kati ya somo na mahitaji mengine ya nyumbani.

Shule zilipofungwa mwaka 2020, UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zilikadiria kuwa watoto na vijana bilioni 1.3 wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani theluthi mbili ya rika hilo duniani, hawakuwa na intaneti nyumbani. Hata penye intaneti, simu mara nyingi ni moja, nayo huondoka na mzazi asubuhi.

Ndiyo maana naona uzito wa somo lenyewe, yaani kiasi cha data linachokula, haujadiliwi vya kutosha. Video ya saa moja inaweza kula megabaiti mamia, wakati maelezo yale yale yakiandikwa na kuwekewa picha chache hayazidi megabaiti chache. Programu kama Kolibri na Kiwix huruhusu masomo au kurasa za Wikipedia kupakuliwa mara moja, kisha kusomwa bila mtandao.

Wapo wanaotegemea tovuti za elimu ambazo, kwa makubaliano na kampuni za simu, hufunguliwa bila kukatwa data. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ina mwanya: mwanafunzi hufungua ukurasa wa bure, akabonyeza video, na salio likakatwa kwa kuwa video imehifadhiwa kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya mtandaoni, isiyohusika na makubaliano hayo. Wizara inayotia saini mkataba wa namna hiyo ingeligundua hilo mapema kwa kulipitia somo zima, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi zoezi la mwisho, kwa simu isiyo na salio lolote.