Kufunga Sabufa Garini: Anza na Waya

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alifika kwangu hapa Kisumu na sabufa (spika ya besi) ya inchi 12, amplifaya ya mtumba, na waya mwekundu mwembamba uliofungwa ndani ya gazeti, akaniomba nimsaidie kuvifunga katika Probox yake. Kabla hatujafungua hata boneti nilimwambia turudi dukani, kwa sababu fedha zote alikuwa amezimaliza kwenye spika na waya akaununua kwa chenji iliyobaki. Makosa hayo niliwahi kuyafanya mimi mwenyewe, na nusura yaniunguzie gari.

Gari langu la kwanza lilifungwa na fundi aliyepitisha waya wa umeme kwenye tundu la ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, bila mpira wowote wa kuukinga, wala hakuweka fyuzi karibu na betri. Nami sikujua la kuuliza. Miezi michache baadaye, tulipopita Kisian na kuanza kupanda kuelekea Maseno, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi ukatoka chini ya zulia miguuni pa abiria. Makali ya lile tundu yalikuwa yamekula ganda la waya hadi shaba ikagusa bodi ya gari. Nilisimama kando ya barabara, nikafungua boneti, na spana namba 10 iliyokuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi ndiyo iliyoniwezesha kuchomoa waya wa hasi wa betri kabla moto haujawaka.

Tangu siku hiyo huwaeleza wanaoanza kwamba fyuzi kubwa ya amplifaya huwekwa kwa ajili ya waya. Ile iliyo kwenye amplifaya yenyewe haisaidii chochote waya ukigusa chuma njiani, kwa kuwa umeme hutoka kwenye betri na kuishia pale palipogusana, bila kufika huko nyuma kwenye buti. Kwa hiyo fyuzi ikae ndani ya nusu mita kutoka betri, na mafundi waangalifu hawapitishi sentimita 45. Ukubwa wake si wa kubahatisha: amplifaya ya wati 300 halisi, yaani zile zinazoandikwa RMS wala si zile elfu mbili zilizochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ikiwa inapoteza takriban asilimia 20 ya umeme kama joto, huvuta karibu ampia 27 injini ikiwa inanguruma na mfumo ukiwa na volti 13.8. Fyuzi ya ampia 30 na waya wa shaba tupu wenye unene wa geji 8 vinatosha kabisa.

Neno shaba nimelitaja makusudi. Waya nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje, na ukikwaruza uzi mmoja kwa wembe utaona weupe ndani yake. Si lazima uukatae waya huo, lakini ununue ulio mnene zaidi, kwa sababu alumini hupitisha umeme kidogo kuliko shaba.

Waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, uwe na unene uleule, uwe mfupi, na ufungwe kwa bolti kwenye chuma cha bodi baada ya kukisugua kwa msasa hadi king'ae, maana rangi haipitishi umeme. Bolti za mikanda ya usalama ziache kama zilivyo. Ukilazimika kutoboa, ingia kwanza chini ya gari uangalie tangi la petroli liko wapi.

Waya za sauti zipitishe upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme, la sivyo huenda ukasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta. Waya mdogo wa kuwashia amplifaya, ambao mara nyingi ni wa buluu wenye mstari mweupe, utoke kwenye redio. Ukiuunga moja kwa moja na betri, amplifaya italala ikiwaka na asubuhi gari halitawaka. Redio zinazokuja na magari ya Japani aghalabu hazina tundu la sabufa, na FM yake huanzia 76 na katika nyingi huishia 90, ilhali stesheni zetu zinafika 108, kwa hiyo wengi wetu huibadilisha redio kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu sanduku la sabufa, mimi napendelea lililozibwa kote, la ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) wa milimita 18. Lenye tundu hunguruma zaidi kwa wati zilezile, lakini katika muziki wa benga ninataka kusikia kila noti ya gitaa la besi ikitembea peke yake.

Kitufe cha geni kilicho kwenye amplifaya si cha kuongezea sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Chomoa spika, weka redio kwenye robo tatu ya sauti, cheza mlio wa hezi 50, kisha pima kwa multimita kwenye matokeo ya amplifaya: kwa wati 300 na spika ya omu 4, usipite volti 34.6, ambayo ni kipeuo cha pili cha 300 mara 4. Kichujio cha amplifaya, kinachozuia sauti za juu zisifike kwenye sabufa, kiache kwenye hezi 80, sauti za waimbaji zibaki kwa spika za milangoni.

Jua lilikuwa linazama ziwani tulipowasha. Besi ilitoka safi, ila kulikuwa na kelele ya bati kutoka nyuma, tukaitafuta hadi tukagundua ni kibao cha nambari kinachogongagonga. Mdogo wangu alikata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, akakipachika nyuma ya kibao, akakaza skrubu mbili, na kelele ikaisha.