Kadi ya Wi-Fi ya BCM43142 kwenye Debian 12

Kompyuta mpakato nyingi za mitumba zinazouzwa madukani kwetu, hasa za HP, Dell na Lenovo zilizotengenezwa karibu na mwaka 2013 na 2014, zimebeba ndani yake kadi ya Wi-Fi ya Broadcom iitwayo BCM43142. Anayetumia Windows hana haja ya kulijua jina hilo. Anayesakinisha Debian, mfumo endeshi huria wa Linux, hukutana nalo siku ile ile ya kwanza, kwa kuwa mfumo huwaka vizuri, sauti hutoka, kioo hakina tatizo, lakini ukifungua orodha ya mitandao huoni hata mmoja. Wengi wanaoniletea mashine za namna hii huwa wameshakata shauri kwamba kadi imekufa. Mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, na draiva hiyo ina masharti yake.

Hatua ya kwanza ni kuitambua chipu yenyewe, kwa sababu chapa iliyobandikwa juu ya mashine haisemi lolote: kompyuta mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi za makampuni tofauti. Amri ya lspci -nnk hutoa mstari wenye jina la kadi na namba mbili ndani ya mabano ya mraba. Kwa kadi tunayoizungumzia namba hizo ni 14e4:4365, ya kwanza ikiwa ya Broadcom na ya pili ikiwa ya chipu. Chini yake huwa kuna mstari unaotaja draiva inayotumika, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu katika baadhi ya mashine mstari huo husomeka bcma-pci-bridge, na msomaji huamini kwamba draiva tayari ipo. Ukweli ni kwamba bcma hushughulikia njia za ndani za chipu tu. Ukiitazama dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo), utaona bcma imeandika kwamba imepata chipu yenye namba 43142, kisha basi, kiolesura cha Wi-Fi hakiundwi. Kadi imeshikwa na mtu asiye na kazi nayo.

Hali hii ina historia yake. Kwa miaka mingi Broadcom haikutoa maelezo ya chipu zake, na draiva ya b43, iliyoingia kwenye kerneli ya Linux 2.6.24 mwaka 2008, ilitokana na watu waliochunguza kwa nje jinsi kadi zinavyofanya kazi hadi wakaandika maelezo yao wenyewe. Mwezi Septemba 2010 kampuni ilitoa draiva huria ya chipu zake chache, ikiwemo BCM4313, ambayo leo inajulikana kama brcmsmac. BCM43142 haikuwemo. Iliyobaki kwake ni draiva ya wl, ambayo sehemu yake kubwa imefungwa na imetolewa ikiwa tayari katika lugha ya mashine, huku sehemu ndogo ya nje ikiwa wazi ili iweze kujengwa upya kulingana na kerneli iliyopo. Ukiipakia, kerneli huandika kwenye dmesg kwamba imetiwa doa na moduli (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye kerneli) yenye leseni ya MIXED/Proprietary. Ujumbe huo huwatisha wageni, lakini si hitilafu.

Katika Debian draiva hiyo imo kwenye kifurushi cha broadcom-sta-dkms. Tatizo la kwanza ni kwamba unahitaji intaneti ili kupata draiva ya kukupatia intaneti. Kunakili vifurushi kutoka mashine nyingine kwa flashi inawezekana, ila kila kifurushi hudai kingine, dkms, chombo kinachoijenga moduli upya kila kerneli inapobadilika, ikidai zana za kujengea za gcc na make, na mtu huishia kwenda na kurudi. Njia ninayoipendelea ni simu ya Android: unaiunganisha kwa kebo ya USB, unawasha kipengele cha kushiriki intaneti kwa USB katika mipangilio, na Debian huiona simu kama kadi ya waya bila kusakinisha chochote. Angalia tu kebo yenyewe, kwani zipo nyingi zinazochaji bila kupitisha data. Anayechunga bando aunganishe simu hiyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani au ya ofisini kwanza. Simu nyingi hupitisha intaneti hiyo hiyo kwenda kwenye kompyuta kwa waya.

Kinachofuata ni faili la /etc/apt/sources.list, linaloiambia apt, kisakinishi cha vifurushi cha Debian, mahali pa kuvichukua. Tangu Debian 12 itoke mwezi Juni 2023, programu zinazopakiwa ndani ya vifaa zimetengewa fungu lao liitwalo non-free-firmware, na kisakinishi huliwasha chenyewe inapobidi. Jambo hilo limewasaidia sana wenye kadi za Intel na Realtek. Mwenye BCM43142 bado hajafika, kwa kuwa broadcom-sta-dkms imo katika fungu la non-free, na bila kuliongeza neno hilo mwishoni mwa mstari apt itajibu kwamba kifurushi hakipatikani. Baada ya apt update, ninasakinisha linux-image-amd64 (kerneli yenyewe), linux-headers-amd64 (faili za kujengea moduli) na broadcom-sta-dkms kwa pamoja.

Sababu ya kuvitaja vyote vitatu ni hii. Moduli ya wl hujengwa kwenye mashine yako, dhidi ya faili za linux-headers zenye toleo lile lile la kerneli inayotumika. Ikiwa kerneli iliyowaka ni ya zamani kuliko iliyo kwenye hazina ya Debian, dkms itaijengea ile mpya, nawe utajaribu kuipakia kwenye ile ya zamani na kuambiwa moduli haipo. Dawa yake ni kuwasha mashine upya kabla ya kuanza kuhangaika. Ukisakinisha linux-headers ya toleo moja tu, badala ya kifurushi kikuu kinachofuata matoleo, Wi-Fi itafanya kazi vizuri hadi siku kerneli itakaposasishwa, kisha itoweke asubuhi moja bila maelezo. Amri ya dkms status hujibu swali hilo mara moja: mstari wa broadcom-sta/6.30.223.271 unapaswa kutaja kerneli ile ile inayotajwa na uname -r, na kumalizia na neno installed.

Baada ya hapo huondolewa moduli zinazogombea kadi, kwa amri ya modprobe -r b44 b43 b43legacy ssb brcmsmac bcma, ndipo huja modprobe wl ya kuipakia draiva yetu. Kifurushi chenyewe huweka katika /etc/modprobe.d faili linalozizuia moduli hizo zisirudi. Mambo yakienda sawa, mitandao hujitokeza hapo hapo.

Yasipoenda sawa, kosa la kawaida kabisa ni lile lisemalo Key was rejected by service. Maana yake ni kwamba Secure Boot, kinga inayokagua saini za programu mashine inapowaka, imewashwa, na kerneli inakataa moduli isiyo na saini inayoitambua. Wengi hukimbilia kuizima Secure Boot kwenye BIOS, yaani mipangilio ya awali ya mashine. Sioni haja ya kufanya hivyo, kwa sababu dkms ya Debian 12 tayari imetengeneza ufunguo na kuisainia moduli. Kilichobaki ni kuutambulisha kwa mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub, kubuni nywila ya mara moja, na kuwasha upya. Kioo cha bluu kitatokea kabla ya Debian kuwaka, unachagua Enroll MOK na kuandika nywila ile. Kioo hicho hakikai muda mrefu, na ukikipita bila kubonyeza kitu inabidi kurudia amri.

Kadi ikishafanya kazi, yapo malalamiko ambayo si ya draiva wala ya mipangilio. BCM43142 husikia masafa ya 2.4 GHz pekee, kwa hiyo mtandao wa 5 GHz unaoonekana kwenye simu hautaonekana kamwe kwenye kompyuta hii. Mtandao uliowekwa kwenye WPA3 pekee, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, nao kadi hii haiufungui. Mwenye ruta au simu airudishe kwenye WPA2. Kukatika kila baada ya muda mfupi kunaweza kupunguzwa kwa kuandika wifi.powersave=2 chini ya kichwa cha [connection] katika faili lililomo /etc/NetworkManager/conf.d, yaani kuzima hali ya kubana umeme.

Pamoja na hayo yote, mwenye mashine akiniuliza, humshauri abadilishe kadi. Toleo la 6.30.223.271 ni la mwaka 2015, na Broadcom haijatoa jingine la Linux baada yake. Kinachoifanya iendelee kujengwa ni viraka vya watunzaji wa Debian kwenye ile sehemu ya wazi. Mwaka 2019 udhaifu wa kiusalama wenye namba CVE-2019-9501 na CVE-2019-9502 ulitangazwa katika draiva ya wl, na sehemu iliyofungwa hakuna mtu wa nje awezaye kuitengeneza. Kadi ya zamani ya Atheros inayotumia draiva ya ath9k haihitaji hata faili la ziada. Ila kabla ya kununua, tafuta kama BIOS ya mashine yako ina orodha ya kadi inazozikubali, maana HP na Lenovo za miaka ile zilikuwa na tabia ya kugoma kuwaka zikikuta kadi ngeni. Mashine ikiwa ya aina hiyo, hutumia kadi ndogo ya USB yenye chipu ya AR9271, ambayo kifurushi chake cha firmware-ath9k-htc kimo katika fungu kuu la Debian, kisha naiondoa broadcom-sta-dkms kwa apt purge na kuizima kadi ya ndani pale BIOS inaporuhusu.