Sanduku la Clarkson pale Wisbech

Jumamosi nilipanda basi toka Peterborough kwenda Wisbech kuona kumbukumbu za Thomas Clarkson, Mwingereza aliyepigana kukomesha biashara ya watumwa. Wisbech ni mji mdogo wa soko huko Cambridgeshire, Uingereza, wengi huku wanaujua kwa kazi za mashambani na kupaki matunda na mboga, ndo maana ukipita mtaani unasikia Kilithuania na Kipolandi sana tu. Njia nzima ni tambarare, udongo mweusi tii, mitaro imenyooka kama imepigwa rula. Zamani yote hii ilikuwa kinamasi, karne ya 17 ndo wakaanza kuikausha kwa nguvu, Mholanzi mmoja Cornelius Vermuyden akasimamia uchimbaji.

Katikati ya mji unapita mto Nene, na mimi niliyekulia Pangani nilisimama pale nikauangalia muda mrefu, maana bahari huioni kabisa lakini mto unajaa na kupwa, maji yakipwa linabaki tope linang'aa pembeni kama nyumbani vile. Ng'ambo zote mbili kuna nyumba za wafanyabiashara wa zamani. Maarufu zaidi ni Peckover House ya 1722, ilikuwa ya familia ya Peckover, watu wa benki na Quaker, dhehebu la Kikristo, wale ambao majirani zetu Wakenya wanawaita Marafiki. Ng'ambo ya pili ndo alizaliwa Octavia Hill mwaka 1838, mama aliyepigania nyumba safi za maskini London na akawa mmoja wa waanzilishi watatu wa National Trust, shirika la kutunza majengo na ardhi za kihistoria, mwaka 1895. Huyo anastahili posti yake peke yake, leo acha nimpite.

Mi nilienda kwa ajili ya Clarkson. Amezaliwa hapo 1760, baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mji, akafariki Thomas ana miaka sita tu. Akakua, akaenda Cambridge, na mwaka 1785 chuo kikatoa shindano la insha ya Kilatini, swali ni je, ni halali kumfanya mtu mtumwa bila ridhaa yake? Aliingia kama mwanafunzi anayetaka zawadi, ila alivyoanza kusoma habari zenyewe usingizi ukampotea. Alishinda, na akiwa njiani kwenda London, karibu na kijiji cha Wadesmill, akashuka kwenye farasi akakaa kando ya barabara, anawaza kwamba kama haya niliyoandika ni kweli basi lazima atokee mtu ayakomeshe. Alikuwa na miaka 25. Mwaka 1787 wakaunda kamati ya kupinga biashara ya watumwa, watu 12, 9 kati yao Quaker, na yeye kazi yake ikawa kuzunguka kutafuta ushahidi, maili kama 35,000 ndani ya miaka saba, sehemu kubwa juu ya farasi. Aliongea na mabaharia Bristol na Liverpool, akanunua dukani pingu na vyuma vya kubana vidole ili watu waone kwa macho yao, na pale Liverpool kuna genge lilijaribu kumsukuma baharini akaponea chupuchupu.

Sasa pale karibu na daraja mji umemjengea mnara, ulikamilika 1881, mrefu karibu mita 20, mchoro wa George Gilbert Scott. Juu yuko yeye, chini pembeni wamechongwa wenzake wa kampeni, Wilberforce na Granville Sharp, na upande mwingine kuna Mwafrika amefungwa minyororo, mikono imeunganishwa anaomba. Nilikaa nikamtazama huyo. Kwakweli iliniuma. Nimeshamwona mara nyingi mno, kwenye vitabu vya shule, kwenye sarafu za zamani, kila mahali tumepiga magoti tunasubiri mtu.

Ndo maana nataka ukifika Wisbech usiishie kwenye mnara. Tembea dakika chache mpaka makumbusho karibu na kanisa la St Peter, uone sanduku la mbao alilokuwa anatembea nalo Clarkson. Ndani alipanga vitu vya Afrika Magharibi alivyovipata kwenye meli na kwa mabaharia: vitambaa vya pamba, kazi za ngozi, visu, pembe za ndovu, pilipili, mbegu, vipande vya mbao. Alikuwa akiingia kwenye mkutano anafungua, anawaambia wazungu wenzake hawa watu mnaowanunua wanafuma, wanafua chuma, wanalima, fanyeni nao biashara ya vitu hivi muache kuwauza wao. Yaani kwenye lile sanduku hakuna aliyepiga magoti. Kuna fundi.

Na Waafrika wenyewe walikuwemo kwenye hiyo kampeni. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, alitoa kitabu cha maisha yake 1789, akazunguka nchi nzima akihutubia na kukiuza, na mwaka 1792 akaoa Soham, mji mwingine wa mkoa huohuo. Waingereza wakaipiga marufuku biashara yao ya watumwa 1807. Kwetu pwani iliendelea miaka mingi baada ya hapo, soko la Zanzibar limefungwa 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba.

Kwenye mnara sikumwona mdogo wake, John Clarkson, luteni wa jeshi la majini. Huyu alienda Nova Scotia, Kanada ya leo, akawachukua watu weusi kama 1,190 waliokuwa wameahidiwa ardhi na Waingereza wakadhulumiwa, akavuka nao bahari kwa meli 15 mpaka Sierra Leone, 1792, wakaanzisha Freetown. Aliwaahidi ardhi bila kodi. Kampuni ya Sierra Leone, iliyokuwa inaendesha makazi hayo, ikataka kodi, yeye akang'ang'ania neno lake, wakamfukuza kazi 1793.

Kabla sijarudi stendi nilipita tena makumbusho. Nataka kuviona vile vitambaa tu. Mistari imefumwa imekaa sawa sawa, na zaidi ya miaka 200 imepita.