Salamu za kifundo cha mkono

Nimerudi Nairobi Jumatano, baada ya miaka 14 Marekani. Pale Kaloleni walijaa mlangoni, wakiimba, na mama analia. Lakini mtu mmoja hakunipa kiganja. Alinikamata kifundo cha mkono, akakibana. "Karibu nyumbani, ndugu yangu." Nikajua ni mtoto wa yule mzee wa Machakos. Machozi yakanitoka hapo hapo.

Mzee huyo alikuwa akija kwa Babu kila Februari na kibuyu cha asali, na hivyo ndivyo alivyomsalimia. Babu hakutusimulia vita hata siku moja. Alikuwa akisimulia mgeni, yeye ametazama chini.

Walikuwa wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Februari 1944 walipanda meli ya Khedive Ismail huko Mombasa, waende Colombo. Tarehe 12, upande wa Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaitwanga topido mbili. Dakika tatu hazikwisha, meli ilikuwa imezama. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297.

Vijana wengi wa bara hawakujua kuogelea. Babu alikulia ziwani. Alipata ubao usiotosha wawili, akampandisha huyo kijana wa Kikamba asiyemjua hata jina, yeye akabaki majini amemshika kifundo. Kisha likaja la pili. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa zikiisaka ile nyambizi, na mabomu yakalipuka chini ya maji karibu na watu waliokuwa bado wanaelea.

"Maji yalinipiga tumbo kama teke la punda," mzee alikuwa akituambia. "Mkono wa babu yenu haukulegea."

Jana tulikwenda makaburi ya vita ya Ngong Road, mimi, mama na huyo ndugu yangu. Karibu watu 1,000 wa kikosi kile wanakumbukwa pale, kwenye ukuta wa majina. Sanamu za askari watatu za Kenyatta Avenue kila mtu anazijua, ila hizo ni za vita vya kwanza. Ukuta huu nimepita barabarani kwake utoto wangu wote bila kuingia. Inaniuma.

Mama alitaka tuyasome majina yote kwa sauti. Tukapokezana, kidole juu ya jiwe, taratibu. Mvua ilitukuta katikati. Kesho tunarudi kumalizia, na asali imeshafika.